Nani amchagulie nani? Kura ya Bunge la Afrika Mashariki na kidonda tusichokigusa

Muhula wa Bunge la tano la Afrika Mashariki unakwisha Desemba 2027. Kabla ya hapo, mabunge ya nchi nane wanachama yatakaa, kila moja kwa wakati wake, kuchagua wabunge tisa tisa wa kwenda Arusha. Kila duru hii inapokaribia, mjadala huanzia pale pale: kwa nini wananchi wasipige kura wenyewe? Ni swali la haki, na wanaoliuliza wana nia njema. Lakini naamini linatupeleka kando ya tatizo. Kidonda cha uchaguzi huu kimo ndani ya kumbi za mabunge yetu wenyewe, katika utaratibu unaowapa walio wengi nguvu ya kuwachagulia walio wachache mtu wa kuwasemea. Kidonda hicho kinatibika kwa kubadili kanuni za Bunge. Hakihitaji Mkataba mpya, wala kuwapanga watu mamilioni kwenye foleni za vituo vya kura.

Tuanze na Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Ibara ya 50 inasema Bunge la kila nchi litachagua wabunge tisa ambao si wabunge wa Bunge hilo, na kwamba tisa hao, kadiri inavyowezekana, wawakilishe vyama mbalimbali vilivyomo bungeni, mitazamo tofauti, jinsia na makundi yenye mahitaji maalumu. Kisha ibara hiyo inaongeza maneno ambayo wachache huyasoma hadi mwisho: utaratibu wa kuwachagua utapangwa na Bunge la kila nchi. Kwa hiyo Mkataba umeweka lengo na kuacha njia wazi. Dodoma ina kanuni zake, Nairobi ina zake, Kampala vivyo hivyo. Mbunge akishachaguliwa anakaa miaka mitano, na anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu.

Uhuru huo wa kupanga njia ulileta mgogoro mapema. Mwaka 2006 Kenya iliamua kuwa kuchagua maana yake ni vyama kupeleka majina na kamati ya shughuli za Bunge kuyapitisha, basi. Wanasiasa kumi na mmoja, akiwamo Profesa Peter Anyang' Nyong'o, walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki wakidai kwamba hapakuwa na uchaguzi wowote. Tarehe 27 Novemba 2006, siku chache tu kabla ya wabunge kuapishwa, Mahakama ikatoa zuio la muda. Machi 2007 ikaamua kwamba neno kuchagua lina maana yake, kwamba Bunge la Kenya halikufanya uchaguzi unaotakiwa na Ibara ya 50, na kwamba kanuni zilizotumika zilikwenda kinyume cha Mkataba. Wakuu wa nchi hawakupendezwa. Tayari Desemba 2006, baada ya lile zuio na kesi ikiwa bado haijaamuliwa, walikuwa wameurekebisha Mkataba: Mahakama ikagawanywa vitengo viwili na zikaongezwa sababu za kumwondoa jaji. Mwaka 2008 Mahakama ilisema marekebisho hayo yalipitishwa bila kuwashirikisha wananchi inavyotakiwa, ingawa haikuyafuta. Bunge la pili, lililopaswa kuanza mwishoni mwa 2006, lilianza kazi katikati ya 2007.

Kesi hiyo ilitufundisha jambo moja, nalo tukalishika: bila ushindani hakuna uchaguzi. Ila tulilishika kwa namna iliyotutumbukiza shimo la pili, na kwa Tanzania shimo hilo lilionekana wazi Aprili 2017.

Siku hiyo Dodoma kulikuwa na nafasi tisa. Wagombea walipangwa kwa makundi, na wabunge wote, wa chama tawala na wa upinzani, walipiga kura kwa makundi yote. Chadema ilikuwa na nafasi mbili kwa hesabu ya uwiano, ikaleta majina mawili: Ezekia Wenje na Lawrence Masha. Kwa kuwa majina yalilingana na nafasi, wabunge waliulizwa Ndiyo au Hapana, na Hapana zikazidi. Wagombea wa CCM na yule wa CUF wakapita, viti viwili vikabaki wazi. Mwezi uliofuata, Mei, Chadema ikarudi na orodha ndefu zaidi, majina ya Wenje na Masha yakiwamo tena. Bunge likawachagua Josephine Lemoyan na Pamela Massay.

Sina neno baya juu ya wanawake hao wawili. Walikuwa wanachama halali wa chama kilichowapeleka na walishinda kwa kanuni zilizokuwapo. Hoja yangu ni kuhusu nani hasa aliyewachagua. Katika Bunge ambalo CCM ilikuwa na zaidi ya theluthi mbili ya viti, waliokuwa na kauli ya mwisho juu ya nani awe sauti ya upinzani kule Arusha ni wabunge wa chama ambacho upinzani huo ulikuwepo ili kukikosoa. Waliotetea utaratibu ule walisema Chadema ilijitakia: ungeletaje majina mawili kwa nafasi mbili kisha uite uchaguzi? Hapo wana ukweli, na hukumu ya 2007 inawaunga mkono. Chadema nayo ilisema kwamba ukileta majina sita, unamkabidhi mpinzani wako kalamu akuchagulie aliye dhaifu kwako au aliye mpole kwake. Hilo nalo ni kweli. Pande mbili zikagombana mwezi mzima zote zikiwa na hoja, na mimi nikiona pande mbili zinagombana hivyo huwa naiangalia kanuni kwanza.

Kenya kwa upande wake imejaribu kulikwepa shimo hili kwa makubaliano. Novemba 2022 mirengo miwili ilikubaliana kwanza mgawo wa viti, vitano kwa Kenya Kwanza na vinne kwa Azimio, kisha wabunge na maseneta wakapiga kura. Mgawo ulikuwa wa haki na kazi ikaisha kwa wakati. Lakini makubaliano yanategemea watu kuwa na hamu ya kukubaliana. Mwaka 2017, mirengo ya wakati huo, Jubilee na NASA, ilipokuwa haisalimiani, viti havikugawanyika, na Bunge zima la Afrika Mashariki likakaa bila kuanza kutoka Juni mpaka wabunge walipoapishwa tarehe 18 Desemba. Nchi nyingine zilikuwa zimeshamaliza kuchagua watu wao, wakakaa nyumbani nusu mwaka wakiisubiri Nairobi.

Sasa turudi kwenye hoja ya wananchi kupiga kura moja kwa moja. Uzito wake naukubali: mbunge asiyejua jina la mpiga kura wake hata mmoja huko kijijini ana sababu gani ya kumwogopa? Wanaotetea hoja hii hutaja Ulaya, ambako wabunge wa Bunge la Ulaya walikuwa wakipelekwa na mabunge ya nchi zao hadi Juni 1979, wananchi walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Mfano ni mzuri, ila tuusome wote. Mwaka ule wa kwanza karibu asilimia 62 ya wenye haki walijitokeza. Kuanzia hapo idadi ilishuka kila uchaguzi hadi chini ya asilimia 43 mwaka 2014, na Slovakia mwaka huo walijitokeza asilimia 13 tu. Imepanda tangu hapo, ikafika takriban asilimia 51 mwaka 2019 na 2024, lakini tazama waliopiga kura walikuwa wanapigia nini. Juni 2024 chama cha Marine Le Pen kiliongoza Ufaransa katika kura ya Bunge la Ulaya, na usiku ule ule Rais Emmanuel Macron akavunja Bunge la Ufaransa. Kura iliyokuwa ya Strasbourg, liliko Bunge la Ulaya, ilisomwa na kila mtu, rais mwenyewe akiwemo, kama hukumu juu ya Paris. Nani anaamini kwamba kwetu ingekuwa tofauti? Kura ya Arusha ingekuwa marudio ya uchaguzi mkuu: rangi zile zile, pesa zile zile, na polisi wale wale.

Kuna na hesabu ambayo wapigania kura ya moja kwa moja hawaigusi. Ulaya, Ujerumani ina viti 96 na Malta 6, kwa sababu mwananchi akipiga kura mwenyewe anauliza kura yake ina uzito gani ukilinganisha na ya jirani. Sisi kila nchi ina tisa. Kongo yenye watu takriban milioni 100 ina tisa, na Burundi yenye sehemu ndogo tu ya idadi hiyo ina tisa. Usawa huo wa nchi ndio ulioziwezesha nchi ndogo kuingia bila hofu ya kumezwa. Siku tutakapowaita wananchi kwenye masanduku, Kinshasa itauliza, na haki itakuwa yake. Je, Bujumbura na Kigali zitakubali kupunguziwa viti? Sioni. Pengine siku moja tutafika, lakini anayesubiri siku hiyo ili uchaguzi huu uwe wa haki anaahirisha dawa iliyo mezani.

Upande wa pili kuna wanaosema tusijisumbue, kwa kuwa lile Bunge halina meno: viti vyake ni kifuta jasho kwa walioangushwa majimboni na mahali pa kuwaweka watoto wa wakubwa. Hoja hii ndiyo maarufu zaidi mitandaoni, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni kweli kwamba mwaka 2022 Kenya iliwapeleka Winnie Odinga, binti wa marehemu Raila Odinga, na Kennedy Musyoka, mtoto wa Kalonzo Musyoka. Ni kweli pia kwamba Kanini Kega na Hassan Omar walikuwa wametoka kushindwa katika uchaguzi wa Agosti. Ni kweli tena kwamba mamlaka ya Bunge lile yana mipaka: rais mmoja tu akikataa kuridhia muswada, ukarudishwa, akaukataa tena, muswada umekufa, na viwango vya ushuru wa pamoja hupangwa na Baraza la Mawaziri. Lakini kutoka hapo kwenda kwenye kusema halina kazi ni kuruka mto usiouona.

Nitoe kisa kimoja. Miaka michache iliyopita nilikuwa Namanga nikisubiri gari, karibu na mama mmoja aliyekuwa na magunia ya vitunguu vya Mang'ola akivuka navyo kwenda Kenya. Alikuwa ameweka karatasi juu ya gunia, kalamu ya wino wa bluu mkononi, akijaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile cha wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000. Alifuatisha kila mstari kwa kidole, na penye neno asilolijua aliniuliza. Nilimwuliza kama anawafahamu wabunge wetu wa Arusha. Akaniangalia kama niliyemwuliza habari za mwezini, akasema, "Mwanangu, mimi namjua ofisa wa forodha tu." Lakini sheria ambayo yule ofisa alikuwa akiisimamia, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, ilitungwa na wabunge hao. Jengo tulilosimama mbele yake, ambamo maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja ili msafiri asimame mara moja badala ya mbili, lina sheria yake ya mwaka 2016 iliyotoka Bunge lile lile. Lori lililompita likielekea mzani lilikuwa chini ya sheria ya udhibiti wa uzito ya mwaka huo huo. Yule mama hakuwajua, lakini kazi yao ilikuwa mkononi mwake, imeandikwa kwa wino.

Na ukiwa na Bunge lisilo na meno, hutapata marais wanaorekebisha Mkataba kwa haraka kwa sababu ya kesi ya nani aingie humo.

Imebaki hoja ya tatu, na hii nataka kuijibu kwa heshima kwa sababu wanaoitoa ni wabunge wenyewe. Wanasema: uchaguzi ni kura, na kura ni wingi. Wananchi walitupa wingi, kwa nini tuuvue mlangoni? Kama Bunge zima ndilo linalochagua, kila mbunge ana haki ya kumkataa mgombea yeyote asiyemfaa. Jibu langu limo katika Ibara ya 50 yenyewe. Ingekuwa lengo ni wingi tu, Mkataba usingetaja vyama mbalimbali wala mitazamo tofauti. Ungesema tisa wachaguliwe, ukanyamaza. Walioandika walijua kwamba Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977 ikiwa ni mali ya serikali na marais, wananchi wakiwa watazamaji, na dibaji ya Mkataba inataja ushiriki mdogo wa sekta binafsi na asasi za kiraia miongoni mwa sababu za kuvunjika. Tisa walikusudiwa kuwa nchi kwa ufupi, pamoja na ile sehemu ya nchi isiyoipenda serikali. Ukimruhusu mwenye wingi ajaze viti vya mwenzake, umemwachia aonje chumvi ya chungu kisicho chake.

Basi tufanyeje? Kosa la kiufundi ni kwamba kila mbunge anapewa kura nyingi kama zilivyo nafasi. Chukua Bunge la wabunge 100, chama kimoja kikiwa na 55. Kila mbunge akiwa na kura tisa, wale 55 wakishikamana wanaamua nani aingie katika viti vyote tisa, na wale 45 wanapiga kura kwa heshima tu. Mpe kila mbunge kura moja, kwa siri, na viti vichukuliwe na tisa wenye kura nyingi. Hapo kundi lolote lenye zaidi ya moja ya kumi ya wabunge likimpa kura mtu wake mmoja, hakuna awezaye kumzuia, kwa sababu haiwezekani watu wengine tisa nao wampite. Katika Bunge la wabunge 393 ni kura 40. Chama chenye wabunge 70 kina uhakika wa kiti kimoja bila kumpigia magoti mtu, na kikishirikiana na chama chenye wabunge 10 wanapata viwili. Ni uchaguzi kamili kama Mahakama ilivyotaka mwaka 2007, kwa maana Bunge zima linapiga kura na wagombea wanaweza kuwa hamsini. Na hakuna anayemchagulia mwenzake.

Njia hii haikosi matatizo. Chama kikubwa kitalazimika kupanga kura zake vizuri, maana wabunge wote wakimpenda mgombea mmoja wamepoteza kura nyingi. Hilo linarekebishika kwa kuruhusu mbunge aandike chaguo la pili na la tatu, ili kura iliyozidi ihamie kwa mwingine. Wanawake wanaweza kubanwa, kwa hiyo kanuni iseme wazi kwamba wasipofika watatu kati ya tisa, wanaofuata kwa kura wanapanda. Zanzibar nayo ilindwe vivyo hivyo. Tatizo kubwa halina dawa ya kanuni: Bunge la Tanzania lililochaguliwa 2020 lilikuwa na wapinzani chini ya moja ya kumi. Kwa hesabu yangu wasingekuwa na uhakika wa kiti chochote, ilhali kwa utaratibu wa makundi Mashaka Ngole wa CUF alichaguliwa Septemba 2022. Mtu anaweza kuniambia kwamba huo ni ushahidi dhidi yangu. Naujibu hivi: kiti kinachotolewa kwa hisani kinaweza kunyimwa kwa hisani, na Bunge linalotokana na uchaguzi usio na ushindani wa kweli litapeleka Arusha sura ile ile liliyo nayo. Ndiyo maana maneno ya Ibara ya 50 juu ya mitazamo na makundi maalumu yanapaswa kufungua mlango kwa wagombea wasio na chama: mtu mwenye ulemavu aliyeongoza shirika lake, mkulima, mwanasheria, mfanyabiashara wa mpakani. Wote hao wanaweza kupata kura za wabunge wa kila upande, wakipewa nafasi ya kusikilizwa.

Kusikilizwa kwenyewe kunahitaji kutazamwa upya. Dodoma wagombea wamekuwa wakipewa dakika chache za kujieleza, kwa Kiingereza, na wabunge wanauliza maswali. Aliyewahi kuona kikao hicho anajua kinachotokea: mtu mzima, mwenye kazi ya miaka ishirini nyuma yake, anasimama na jasho, anakosea kitenzi, ukumbi unaangua kicheko. Hakuna aliyemwuliza kuhusu vikwazo vya mahindi mpakani wala malimbikizo ya michango ya nchi wanachama yanayokwamisha vikao vya Arusha. Wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya Februari 2021. Mgombea wa Tanzania anayesailiwa na wabunge wa Tanzania, juu ya maslahi ya watu wanaozungumza Kiswahili, asailiwe kwa Kiswahili, kwa nusu saa, mbele ya kamera.

Muda hautusubiri. Kenya inafanya uchaguzi mkuu tarehe 10 Agosti 2027, na ina miezi minne tu ya kuunda Bunge, kupokea kesi za urais zikiwapo, na kuchagua tisa wake. Akidi ya Bunge la Afrika Mashariki inataka angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi wawepo, yaani watatu. Nchi moja ikichelewa, au wajumbe wake wakisusa kwa sababu wanaona wenzao walipachikwa, nchi saba nyingine zinakaa. Mirengo ya Nairobi ikishindwa kukubaliana mgawo kama ilivyokuwa 2017, kanuni ya kura moja ingewavusha bila makubaliano yoyote, kwa kuwa mgawo ungejitokeza wenyewe kwenye sanduku. Dodoma nafasi ipo zaidi: Kanuni za Kudumu ni mali ya Bunge lenyewe, hazihitaji saini ya rais wala kikao cha wakuu wa nchi, na Kamati ya Kanuni inaweza kulileta jambo hili katika mkutano wowote wa Bunge kabla majina ya wagombea hayajajulikana, wakati bado hakuna anayejua kanuni mpya itamfaidi nani.